Keki ya chokoleti inayonata katikati, bila oveni: naombeni maelekezo

Nuru_Moro

Habari za humu ndani wapendwa. Naomba msaada wenu, na mnivumilie maana nitaandika kirefu.

Mdogo wangu wa mwisho anamaliza mafunzo ya JKT na Jumamosi ijayo anarudi nyumbani Morogoro. Kabla hajaondoka tulialikwa kwa mfanyakazi mwenzangu, tukaletewa keki ya chokoleti fupi, nyeusi, juu ina ganda jembamba linalopasuka ukiligusa, na ndani inanata kwenye uma. Kijana hakuisahau. Kila akipata nafasi ya kupiga simu lazima aitaje. Nilimuuliza mwenyeji wetu, akasema aliagiza Dar, hajui inavyotengenezwa.

Nataka nimpikie mwenyewe. Sina oveni. Nina jiko la gesi la mafiga mawili, jiko la mkaa na masufuria ya kawaida. Mapishi ninayoyaona mtandaoni yanataka chokoleti nyeusi ya kuyeyusha, krimu, mashine ya kupigia, na chombo cha keki kinachofunguka pembeni. Mimi dukani kwetu nikikuta kokoa ya kopo nashukuru Mungu.

Keki ya kawaida ya beking pauda naijua vizuri, naipika kwa mkaa juu na chini. Hii ya kunata ndiyo sijui inaanzia wapi. Ni ile ile ya kawaida ila inatolewa mapema? Au kuna kitu kinaongezwa ndani?

KijanaWaIpagala

Dada Nuru, hiyo ni rahisi. Pika keki yako ya siku zote, weka kokoa, ongeza mafuta na maziwa kidogo, halafu itoe kabla haijaiva sawasawa. Itanata tu.

ShangaziUmeå

Nuru mwanangu, nimesoma na siwezi kupita kimya. Usifuate hilo la kuitoa mapema keki ya beking pauda. Ile ikitolewa mapema inabaki keki mbichi: inazama katikati, inanuka unga, na mdomoni inaganda kwenye meno. Kijana wa Ipagala amekusudia mema, ila unayoitafuta wewe ni keki nyingine kabisa, na ni rahisi kuliko hiyo unayoijua.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Umeå, kaskazini mwa Sweden, na kazi yangu ni ya jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Huku keki hiyo inaitwa kladdkaka. Sijaingia nyumba ambayo hawaijui. Watoto wanaipika wenyewe wakirudi shule, na wameitengea hata siku yake, tarehe 7 Novemba. Mwezi wa Desemba, jua linapozama kabla ya saa nane mchana, wazee wetu wakisikia harufu yake wanaanza kujisogeza mezani kahawa yenyewe bado haijachujwa.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja mkazi wa pale, Mungu amrehemu. Hakutumia mizani wala mashine. Alikuwa na sufuria moja na mwiko, na kila nilipotaka kuongeza kitu alinishika mkono. Hapo ndipo pa kusikiliza, maana keki hii inapatikana kwa kuacha vitu. Usiweke beking pauda, wala magadi, wala maziwa. Usipige mayai mpaka yaumuke. Unga ni kidogo, sukari ni nyingi, na moto unaukatisha wakati moyo wako bado unakataa.

Vipimo ni hivi, kwa chombo cha upana wa sentimita 24: siagi gramu 100, sukari gramu 255, unga wa ngano gramu 90, kokoa vijiko 4 vya chakula vilivyosawazishwa, mayai 2, vanila kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kama mayai ni ya kienyeji, yale madogo, weka 3. Kama huna mizani, chukua chupa ya mtoto ya kunyonyea yenye alama za mililita. Sukari jaza mpaka 150 mara mbili, unga mpaka 150 mara moja. Hivyo hivyo ndivyo wanavyopima huku, kwa ujazo, na inatoka sawa.

Siagi ukiikosa tumia Blue Band, lakini hiyo tayari ina chumvi, kwa hiyo usiongeze nyingine. Unga uwe ule wa kawaida wa maandazi na chapati. Kuna unga unaouzwa umeshachanganywa beking pauda ndani, huo uache dukani.

Kwenye kokoa uwe makini kuliko kote. Soma maandishi ya nyuma ya kopo. Ikiwa kitu cha kwanza kilichoandikwa ni sukari, hicho ni kinywaji cha asubuhi, na Milo nayo ni kinywaji cha shayiri, si kokoa. Unataka kopo ambalo ndani yake kuna kokoa peke yake, chungu ukiilamba. Watu watakuuliza kama ni ile ya rangi ya udongo au ile nyeusi iliyotibiwa ili kuondoa ukali wake. Kwa keki za magadi tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu magadi yanahitaji ukali wa kokoa ili yafanye kazi. Hapa hamna magadi, kwa hiyo yoyote utakayoipata itafaa. Na wewe uko nchi ambayo Kyela yake inalima kokoa ya kupeleka ng'ambo, ukipata iliyosagwa kutoka huko, chukua hiyo.

Sasa upishi. Yeyusha siagi kwenye sufuria kwa moto mdogo, isikaange. Epua. Mimina sukari na kokoa ikiwa bado ya moto, koroga, halafu iache itulie kama dakika kumi huku ukiandaa mkaa. Usiruke hatua hii. Sukari ya kwetu ina chembe kubwa, na lile ganda jembamba linalopasuka analolipenda mdogo wako linatokana na sukari iliyoyeyuka vizuri. Kokoa nayo ikikutana na mafuta ya moto harufu yake inafunguka.

Gusa sufuria kwa nje. Ikiwa unaweza kuishika bila kuungua, vunja mayai moja moja kwenye kibakuli, yakague, kisha yatie na ukoroge kwa mwiko mpaka mchanganyiko ung'ae. Koroga, usipige. Ukipiga unaingiza hewa, na hewa ndiyo inayoigeuza kuwa keki ya kawaida. Mwisho tia unga, vanila na chumvi, ukoroge mpaka usione weupe, basi, acha. Utakuwa mzito kama uji wa ulezi uliopoa. Usiulegeze kwa maji.

Paka chombo siagi. Huku wananyunyiza chenga za mkate mkavu ndani ili keki isishike. Wewe unaweza kutumia nazi kavu iliyokunwa, mimi naipenda zaidi. Kwa sababu chombo chako hakifunguki, kata vipande viwili virefu vya karatasi ya kuokea, vipitishe chini kwa kupishana, miisho itokeze nje. Baadaye utaiinua kwa hiyo miisho.

Mwenye oveni anaweka nyuzi 175, raki ya chini, dakika 15 mpaka 20. Wewe chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu safi unene wa vidole viwili, funika, ipashe moto kama robo saa juu ya mkaa uliokwisha kushika majivu. Chombo cha keki kikae juu ya mchanga, na kibaki na nafasi pembeni pande zote ili joto lizunguke. Kwenye mfuniko weka mkaa kidogo, na uusambaze kuelekea kingoni, usirundike katikati. Kwa keki yako ya kila siku unaweka mwingi juu. Kwa hii ukifanya hivyo utaunguza ganda kabla chini hakujashika.

Anza kukagua ikifika dakika 20. Kabla ya hapo usifunue, joto likitoka unaanza upya. Tikisa chombo taratibu. Kingo zimeshika kwa upana wa vidole viwili vitatu, juu pamekauka na pameanza nyufa ndogo, katikati panatikisika kwa pamoja bila kufanya mawimbi. Chomeka kijiti karibu na ukingo, kitoke safi. Chomeka katikati, kitoke na tope zito. Kikitoka na kitu kinachochuruzika, funika dakika nne zaidi. Kikitoka kikavu katikati, umepata keki nzuri ya chokoleti, ila siyo hii.

Itoe. Hapo kila mwanamke wa Tanga aliyefundishwa na mama yake kuchomeka kijiti mpaka kikauke atakwambia umetoa keki mbichi. Mwache aseme. Iache kwenye chombo ipoe kabisa, saa moja na zaidi. Ikiwa ya moto haikatiki, inamwagika. Inapopoa inashuka katikati na kukaza, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Usiitafutie krimu. Huku wanaila na krimu iliyopigwa kwa sababu ni tamu sana na inahitaji kitu cha kuipoza. Morogoro mna pasheni. Kata pasheni, mwaga juu ya kipande, ule uchachu wake unaifaa kuliko krimu.

BintiMalindi

Shikamoo shangazi. Maelezo yametulia, asante. Kwetu mama hali vitu vya maziwa kabisa, tumbo lake halikubali. Naweza kutumia mafuta ya nazi? Na je, iliki itaharibu?

ShangaziUmeå

Marahaba mwanangu. Mafuta ya nazi yanafaa, ila usiweke gramu 100. Siagi si mafuta matupu, asilimia 80 hivi tu ndiyo mafuta na kilichobaki karibu chote ni maji. Weka gramu 80 za mafuta ya nazi na kijiko kimoja cha chakula cha maji. Tumia yale yenye harufu, usiyaogope. Iliki weka, lakini ya kutwanga mwenyewe na isizidi robo kijiko cha chai. Kokoa ni ya kusikilizwa kwanza, iliki ifuate nyuma.

MamaT_Njombe

Jamani nami nisaidieni. Huku Njombe kila nikipika keki inapanda vizuri halafu inadondoka katikati, hata nikifuata vipimo vyote. Hii si itakuwa balaa zaidi?

ShangaziUmeå

Dada yangu, hii ndiyo keki ya watu wa milimani. Mko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Gesi inayotoka kwenye beking pauda inatanuka kuliko inavyotanuka Tanga, keki inakimbilia juu kabla kuta zake hazijakomaa, halafu haina kitu cha kuishikilia. Kwa keki zako za kawaida punguza beking pauda, karibu robo ya kipimo, utaona mabadiliko.

Kladdkaka haina gesi hiyo, kwa hiyo haina pa kudondokea. Cha kuangalia ni kimoja tu: maji huko kwenu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, mvuke unatoka mapema na kingo zinakauka haraka. Anza kukagua dakika tatu nne kabla ya muda niliomwambia Nuru.

Mpole_77

Samahani, mimi nina wasiwasi na afya. Mayai yasiyoiva si ndiyo yanaleta salmonela? Nina mke mjamzito na mtoto mdogo. Watu wanafurahia utamu, ila hili halijasemwa.

ShangaziUmeå

Kaka Mpole, umeuliza jambo la maana na nakushukuru, nilipaswa kuligusa pale juu.

Kunata kwa keki hii hakutokani na ubichi wa mayai peke yake. Unga ni kidogo, kwa hiyo hakuna cha kuikausha. Sukari nyingi inashika maji yasitoke, na pia inachelewesha yai kuganda na unga kuvimba. Ndiyo maana katikati panaweza kuwa pa moto sana na bado pakawa laini. Vijidudu vya salmonela vinakufa kwenye nyuzi 71. Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati, asubiri kifike 75, kisha aitoe. Bado itanata.

Asiye na kipimajoto, na nyumbani kuna mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa, aiache mpaka katikati pasitikisike. Itapoteza kunata kidogo lakini itabaki laini na yenye unyevu. Pale kazini kwetu tunapika kwa ajili ya watu wa miaka themanini na tisini, na tunapima joto kila mara. Sitaki mtu hata mmoja aumwe kwa ajili ya kipande cha keki. Mayai yawe mapya, yenye ganda lisilo na ufa. Na watoto wasilambe mwiko, kwa sababu hata unga mbichi wenyewe unaweza kubeba vijidudu, siyo mayai tu.

Mpole_77

Nimeelewa, shukrani sana. Nitanunua kipimajoto.

Nuru_Moro

Shikamoo shangazi, nimerudi na majibu!

Nimeipika Ijumaa jioni ili ipoe usiku. Kokoa niliyopata ilikuwa ya kopo dogo, nikasoma nyuma kama ulivyosema, ni kokoa tupu. Kupima nimetumia chupa ya mtoto wa jirani. Sufuria yangu ya ndani ni ya sentimita 20, siyo 24, kwa hiyo ilikuwa nene, ikachukua karibu dakika 35. Dada yangu mkubwa alisimama mlangoni ananiambia "hiyo rudisha, haijaiva". Sikurudisha.

Ganda limetoka! Jembamba, linang'aa, limepasuka pasuka juu. Ndani inanata mpaka kwenye kisu. Mdogo wangu alikaa nayo kwenye ngazi bado ana begi mgongoni. Dada mkubwa alisema haionji, baadaye nikamkuta jikoni na kijiko anakwangua sufuria.

Pasheni umesema kweli, bila hiyo utamu unazidi. Swali langu la mwisho: robo imebaki. Huku joto ni kali, naihifadhije?

ShangaziUmeå

Hongera sana mwanangu, umenifurahisha mno! Umefanya vizuri kuongeza muda, sufuria nyembamba inafanya keki nene na joto linachelewa kufika katikati. Wengine mkipika kwenye ya 20, fuateni muda wa Nuru, msifuate wangu.

Kwa joto la Morogoro ifunike na uiweke kwenye friji, itakaa siku nne tano bila shida. Itakaza. Itoe nusu saa kabla ya kula, inarudi kunata. Kama huna friji, iliwe siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Kwenye friza inakaa hata miezi miwili, kipande kimoja kimoja kimefungwa peke yake.

KijanaWaIpagala

Shangazi, mimi ndiye niliyeshauri itolewe mapema, na sasa nataka kujifunza vizuri. Nipo chuo hapa Dodoma, nauza maandazi na chai hosteli asubuhi. Hii naweza kuiuza kwa vipande? Naogopa itanibomokea njiani.

ShangaziUmeå

Unaweza, mwanangu, tena hosteli ni mahali pake. Lakini ya kuuza usiipike kama ya nyumbani. Iache motoni mpaka katikati pasitikisike, maana hujui tumbo la kila mteja na hutakuwepo kipande kikisahaulika juani. Pika jioni, ilale kwenye friji usiku mzima, ukate asubuhi ikiwa baridi. Kisu kichovye kwenye maji ya moto, ukipanguse, ukate mara moja mpaka chini bila kukivuta kama msumeno, ukipanguse tena. Keki ya sentimita 24 inatoa vipande 12 vya kutosha, na usikate vikubwa, ni tamu sana. Kati ya kipande na kipande weka karatasi, na chombo cha kubebea kiwe na mfuniko mgumu usiogusa juu.

Piga hesabu yako kwa kokoa kwanza. Katika gharama zote hiyo ndiyo inayopanda na kushuka, sukari na unga utazizoea.

Na siku za mwanzo kata kipande kimoja vidogo vidogo, weka kwenye kisahani pembeni ya chupa ya chai, watu waonje bure. Wengi hawajawahi kuila, wakiiona imeshuka katikati watadhani umewauzia mbichi. Wakishaonja hutahitaji kueleza.